Kupigia Debe Nchi ya Watu

Mwaka 1588 kilitoka London kijitabu cha kurasa zisizofika hamsini, jina lake A Briefe and True Report of the New Found Land of Virginia. Mwandishi wake, Thomas Harriot, alikuwa mwanahisabati aliyesoma Oxford, umri wake haujatimia miaka thelathini, na riziki yake aliipata kwa Walter Raleigh. Kijitabu kinaeleza mazao, chakula na watu wa nchi ambayo Waingereza walikuwa wameishi kwa mwaka mmoja tu, kisha wakaihama kwa pupa. Ni utafiti wa mtu aliyefika, aliyepima, aliyeuliza na kuandika. Ni tangazo pia, lililokusudiwa kuwatoa wenye fedha fedha zao. Kazi hizi mbili zimefungwa katika maneno yale yale, na ninachotaka kuonyesha hapa ni jinsi zilivyofungwa. Kinachoshawishi katika kijitabu hiki ni umbo lake, nalo ni orodha. Kurasa zake bora ni zile ambazo orodha imeshindwa kumbana mwandishi.

Historia yake haina budi kutajwa, maana umbo limetokana nayo. Mwaka 1584 Malkia Elizabeth I alimpa Raleigh hati ya kumiliki na kuweka walowezi Amerika. Mwaka huohuo merikebu zilizoongozwa na Philip Amadas na Arthur Barlowe zilirudi Uingereza na wanaume wawili wa pwani ambayo leo ni ya jimbo la North Carolina: Manteo na Wanchese. Kwa hao Harriot alijifunza lugha yao, mojawapo ya lugha za Kialgonkini, hata akabuni herufi za kuandikia sauti zake. Mwaka 1585 msafara wa Richard Grenville uliwashusha watu zaidi ya mia moja, wanaume peke yao, katika kisiwa cha Roanoke, chini ya gavana Ralph Lane. Harriot alikuwa mtafiti wao, na John White alikuwa mchoraji. Juni 1586 walichukuliwa na kundi la merikebu za Francis Drake, na katika tufani ya siku za kuondoka mabaharia walitupa baharini ramani, vitabu na maandishi mengi. Kwa hiyo tunachokisoma kimeandikwa na mtu aliyepoteza sehemu ya ushahidi wake. Aliahidi pia historia ndefu ya mambo yote yaliyotukia huko. Haikuchapishwa kamwe.

Kijitabu kinaanza kwa ugomvi. Harriot anawataja waliorudi kutoka Virginia wakaisema vibaya: wengine hawakuwahi kutoka kisiwani, wengine walitafuta dhahabu na fedha na walipozikosa hawakujali tena ila matumbo yao, wengine walilelewa mijini kwa raha, na kukosa vitanda laini kukawafanya waione nchi yote kuwa ya taabu. Baada ya kuwavua sifa za ushahidi, anajivika mwenyewe: yeye alitumwa kushughulika na wenyeji, akaona na kujua zaidi ya wengine. Mbele ya maneno yake imewekwa barua ya Lane inayomthibitisha. Mpangilio huu ni wa barazani mbele ya kadhi. Kwanza mashahidi wa upande wa pili wanatiliwa shaka, kisha shahidi mmoja anasimamishwa na mdhamini wake. Msomaji amekwisha kukalishwa katika kiti cha mwamuzi kabla hajaambiwa chochote kuhusu nchi yenyewe, na ni vigumu kukumbuka akiwa amekaa hapo kwamba shahidi anayebaki analipwa na mwenye mali.

Halafu inakuja orodha, katika mafungu matatu. La kwanza ni la bidhaa zinazoweza kuuzwa nje, la pili ni la vyakula, na la tatu ni la vifaa vya ujenzi na mahitaji mengine, pamoja na habari za watu. Mpangilio wenyewe ni hoja. Mfanyabiashara wa London anaingia kwa mlango wa faida, anapita jikoni, anaonyeshwa miti na mawe ya kujengea, na mwishoni kabisa anakutana na watu wanaoishi humo. Kila kitu kina kichwa chake cha habari na aya yake, jinsi mali ya ghalani inavyoandikwa daftarini. Nchi iliyokatwakatwa hivi haina tena mwenyewe. Hariri haina jirani, mti hauna mchumaji, na ardhi haina makaburi. Katika uhakiki wetu tumezoea kuitaja fani kwanza halafu maudhui, kana kwamba moja ni chombo na jingine ni kilichomo. Hapa utaratibu huo haufai, kwa sababu daftari lenyewe ndilo linalosema kwamba nchi inauzika.

Fungu la kwanza lina mwendo wa sentensi unaojirudia, na ukishaugundua mara moja utauona kila mahali. Chukua viwavi wa hariri. Harriot anasema waliwaona safarini, wakubwa kama jozi. Kisha anakiri kwamba hawakuwakuta kwa wingi kama walivyosikia kuwa wapo kwingineko katika nchi hiyo. Kisha anatangaza kwamba, kwa kuwa nchi inawazaa yenyewe, hapana shaka miforosadi ikipandwa na ujuzi ukiongezwa faida itakuwa kubwa kama ile ya Waajemi, Waturuki, Wataliano na Wahispania. Alichokiona, upungufu wake, halafu ahadi. Hatua ya kwanza iko katika wakati uliopita na ni ya mtafiti. Hatua ya tatu iko katika wakati ujao na ni ya mpiga debe. Ile ya kati ndiyo daraja, na imejengwa kwa ustadi mkubwa, maana mtu anayekiri upungufu huaminika, na imani hiyo anaibeba hadi upande wa pili anakoelezea kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Miwa ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Walikwenda na vipando vya miwa. Havikuhifadhiwa vizuri, na walipofika msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Hawakupata hata mua mmoja. Bado miwa ina aya yake katika orodha, sawa na ngozi za paa walizozishika kwa mikono yao. Umbo la orodha limeziba tofauti kati ya kilichopo na kinachotarajiwa, kwa kuvipa vyote nafasi moja na herufi za ukubwa mmoja. Harriot hakusema uongo. Ukimsoma sentensi kwa sentensi utamkuta mkweli karibu kila mahali, na mimi naamini alikuwa mkweli kwa tabia. Ila macho yanapopita juu ya orodha, kama mwekezaji mwenye haraka anavyosoma, yanaona nchi yenye hariri, shabu, lami, mierezi, divai, chuma, shaba, lulu na miwa.

Katika lulu kuna jambo la ajabu kidogo. Anasimulia kwamba mmoja wao alikusanya kwa wenyeji lulu zipatazo elfu tano, akachagua zilizofanana akatengeneza mkufu mzuri ambao wangempelekea Malkia, na mkufu huo ukapotea katika tufani ya kuondoka. Kitabuni ni tukio dogo. Kwa mhakiki wa fani ni kubwa, kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache katika fungu hili penye kisa: mtu, tendo, nia, hasara. Kisa kimeingia daftarini kwa kuwa ushahidi haupo tena. Kilichozama kinadaiwa kithibitishwe kwa masimulizi.

Sasa fungu la pili, la vyakula, na hapa maandishi yanabadilika sauti. Vichwa vyenyewe vinakuwa vingine. Katika bidhaa za kuuza majina karibu yote ni yale ambayo mfanyabiashara wa London angeyatambua. Katika vyakula yanajaa majina ya wenyeji: pagatowr, okindgier, wickonzowr, macocqwer, uppowoc, na msururu wa mizizi ya kuliwa kama openauk na coscushaw. Sababu iko wazi. Kuhusu bidhaa za kuuza Harriot alikuwa akikisia, lakini kuhusu chakula alikuwa na walimu, na kila siku alikula mikononi mwao. Waingereza wale, anakiri mwenyewe mwishoni mwa kitabu, walikuwa na chakula cha kwao cha siku 20 tu.

Pagatowr ni mahindi. Aya za mahindi ndizo kilele cha kitabu hiki, na nasema hivyo kama msomaji, sijali Raleigh alitaka nini. Harriot anataja rangi za punje: nyeupe, nyekundu, njano na buluu. Anahesabu magunzi kwa bua, na punje kwa gunzi, mia tano, mia sita, mia saba. Kisha anaacha kuorodhesha. Anaanza kueleza kazi, na nathari yake ambayo mpaka hapo ilikuwa ya nomino inageuka kuwa ya vitenzi. Ardhi haitiliwi samadi wala haipigwi plau. Wanaume hutumia majembe ya mti yenye mipini mirefu. Wanawake, kwa kuwa hulima wameketi, hutumia vijembe vifupi. Magugu hukauka juani, hukusanywa, huchomwa. Halafu mpandaji huanzia pembe moja ya shamba, hutoboa shimo, hutia punje nne kwa uangalifu zisigusane, hufukia. Kati ya shimo na shimo huachwa nafasi ya kama yadi moja, na katika nafasi hiyo hupandwa maharage, njegere, maboga na alizeti.

Msomaji wa Kitale au wa Mbinga hahitaji kuelezwa kilimo hicho. Mahindi, maharage, maboga, alizeti na tumbaku ni mazao yaliyotoka Amerika yakavuka bahari mpaka kwetu, na namna ya kuchanganya mahindi na maharage katika shamba moja ameiona tangu utoto. Pengine ndiyo sababu aya hizi zinanigusa kuliko zote. Naona humo akili ya wakulima ambao majina yao hayakuandikwa. Punje nne zisigusane: hiyo ni sheria ya mtu aliyeona punje zikigombania udongo. Harriot hakuwa na haja ya kuifikisha London. Mwekezaji angetosheka na kipimo cha mavuno. Ila mtafiti alikuwa amechuchumaa shambani, ameangalia mikono, na alipoandika hakuweza kuiacha mikono hiyo nje. Kwa nusu ukurasa nchi ina watu ndani yake, wana zana, wana utaratibu, wana sababu ya kila wanachofanya.

Kisha mpiga debe anarudi na rula yake. Ekari moja ya Kiingereza, anasema, hutoa huko busheli 200 za London au zaidi za mahindi, maharage na njegere kwa pamoja, ilhali Uingereza busheli 40 za ngano kwa ekari huhesabiwa kuwa nyingi. Mtu mmoja kwa kazi isiyofika saa 24 anaweza kutayarisha kipande cha yadi 25 kwa 25 kitakachomlisha mwaka mzima kwa ukarimu. Angalia alivyofanya. Wanawake walioketi na vijembe vyao vifupi wamegeuzwa kuwa idadi ya saa. Mkulima amegeuzwa kuwa mtu mmoja asiye na jina wala kabila, ambaye msomaji wa London anaweza kujiweka mahali pake. Pia kuna sharti dogo alilolitia katikati: kipande hicho kiwe kimewahi kulimwa. Maneno hayo machache yanabeba mambo makubwa kuliko nafasi yaliyopewa. Shamba lililowahi kulimwa lina aliyelilima. Miti imeshakatwa na visiki vimeshang'olewa na watu wengine, kwa saa ambazo hazimo katika zile 24. Sentensi inalijua jambo hilo na inalipita.

Kuhusu uppowoc, yaani tumbaku, nitakuwa mfupi ingawa Harriot si mfupi. Aliielezea ibada yake, jinsi unga wake ulivyotupwa motoni kama sadaka, na juu ya maji wakati wa tufani, na akasifu kwa bidii faida zake mwilini. Yeye mwenyewe aliivuta maisha yake yote, na mwaka 1621 akafa kwa saratani ya pua. Ndiyo sehemu pekee ambapo mwandishi ananunua bidhaa anayoiuza.

Watu wanaingia katika fungu la tatu, baada ya mbao, mawe na chokaa. Harriot anaanza kwa kusema atagusia tu kiasi cha kumfanya msomaji ajue kwamba hawapaswi kuogopwa. Anafuata na hesabu: mji mkubwa waliouona ulikuwa na nyumba 30, na mtawala mkubwa waliyeshughulika naye alikuwa na miji 18 na wapiganaji 700 au 800. Hadi hapo daftari linaendelea, na mtu ni kipimo cha hatari. Lakini swali la dini linapofika, tunamwona tena yule aliyejifunza lugha kabla ya kusafiri. Anaeleza miungu, sanamu zao, imani yao juu ya roho na shimo la adhabu liitwalo popogusso, na visa vya watu wawili waliokufa wakarudi kusimulia waliyoyaona. Ameongea na makuhani wao, na inaonekana aliongea nao kwa muda mrefu. Anataja walivyostaajabu kwa dira, sumaku, kioo cha kukuza, saa, bunduki na vitabu, hata wakadhani ni kazi za miungu. Alipowafundisha Biblia walitaka kuigusa, kuibusu, kuipapasa kifuani na kichwani na mwili mzima, ingawa, anasema, aliwaeleza kwamba nguvu yake haimo katika karatasi bali katika mafundisho.

Ndipo vinakuja vifo. Katika kila mji ambamo wenyeji walikuwa wamewafanyia Waingereza hila, na Waingereza wakaondoka bila kulipiza, ndani ya siku chache watu walianza kufa: miji mingine kama 20, mingine 40, mingine 60, na mmoja 120. Ugonjwa wenyewe haukujulikana, na wazee hawakukumbuka kitu kama hicho tangu zamani. Sisi leo tunatambua mara moja maradhi yaliyobebwa na wageni kwa watu wasio na kinga. Harriot hakuwa na elimu hiyo. Alichokuwa nacho ni umbo lake, na analitumia kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia: anaorodhesha maelezo ya wenyeji.

Wapo waliosema Waingereza hawakuzaliwa na wanawake, ni watu wa kizazi cha kale waliofufuka. Wapo waliosema wengine wa jinsi hiyo wangali hewani, hawaonekani, hawana miili, nao huwapiga watu risasi zisizoonekana kwa maombi ya Waingereza. Waganga walisema nyuzi za damu walizozinyonya kutoka kwa wagonjwa ndizo kamba zilizofungia risasi hizo. Wapo waliosema Waingereza wenyewe huzifyatua kutoka mahali walipo, umbali wowote. Wengine walisema ni kazi ya Mungu wa wageni. Mbele kidogo anataja hata kupatwa kwa jua na nyota yenye mkia. Na katikati ya orodha hiyo yumo aliyesema kwamba watakuja wengi zaidi wa kizazi hicho, wawaue hawa wa hapa na kuchukua mahali pao.

Mhakiki Stephen Greenblatt, katika insha yake mashuhuri ya 1981 aliyoipa jina la risasi hizo zisizoonekana, aliona hapa mamlaka yakijipima nguvu: sauti za wenyeji zimerekodiwa, akasema, kwa kuwa zinathibitisha imani ya mkoloni kuhusu dini na utawala. Nakubali kwamba Harriot alizifunga sauti hizo katika fremu ya namna hiyo. Anasema wazi kwamba amezitaja ili msomaji aone matumaini ya kuwaleta watu hawa kwenye ukweli, na hatimaye kuwaheshimu, kuwatii, kuwaogopa na kuwapenda Waingereza. Ila ukishika fremu peke yake unapoteza kilichomo. Orodha hii haifanani na ile ya bidhaa. Kule kila kitu kilijitegemea na vyote viliongezana. Hapa maelezo yanapingana, kila moja linadai lile jingine limekosea, na mwandishi hachagui. Anafika mwisho, anasema zipo sababu zaidi ambazo haoni vyema kuzieleza sasa, anaondoka. Mtu aliyekuwa na hakika kuhusu hariri ambayo hakuiona amekosa hakika kuhusu maiti alizoziona. Na utabiri kwamba watakuja wengine kuchukua mahali pao umesimama ndani ya kitabu ambacho kilichapishwa makusudi ili watu wengine waje. Wenyeji walikuwa wamekielewa kijitabu hiki kabla hakijaandikwa.

Mara baada ya hapo ipo sentensi moja inayostahili kusomwa polepole kuliko zote. Harriot anakiri kwamba baadhi ya wenzake mwishoni mwa mwaka walionyesha ukali kupita kiasi, wakaua watu katika baadhi ya miji kwa sababu ambazo kwa upande wao zingevumilika kwa urahisi. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili inasema kwamba, kwa kuwa kwa upande wa wenyeji waliyastahili, hakuna sababu kubwa ya kuhofia kwamba maoni yao juu ya Waingereza yamebadilika. Kosa limekubaliwa na kuhalalishwa kabla ya nukta. Kiungo kimoja tu, kile cha ingawa na hata hivyo, kimeachiwa kazi ya kuzika watu.

Na watu hao wana majina katika kumbukumbu nyingine. Julai 1585 Waingereza waliuchoma moto mji wa Aquascogoc na mashamba yake kwa sababu ya kikombe cha fedha kilichopotea. Tarehe 1 Juni 1586 watu wa Lane walimuua Wingina, mtawala wa Roanoke, ambaye chakula chake kiliwaweka hai. Mwaka 1589 Richard Hakluyt, mkusanyaji wa masimulizi ya safari, alichapisha masimulizi ya Lane mwenyewe, na mauaji hayo yamo. Harriot anamtaja Wingina pia. Anasema alipenda kusali nao, na kwamba mara mbili aliugua akakaribia kufa, akaomba maombi yao. Hasemi alivyokufa. Orodha haina mahali pa kuweka jambo kama hilo, kwa sababu mauaji yana kabla na baada, na daftari halina wakati. Nadhani hii ndiyo sababu halisi ya kuchaguliwa kwake badala ya ile historia ndefu iliyoahidiwa. Ukisimulia mwaka wa Roanoke siku kwa siku, utaupitia mji uliochomwa na mtawala aliyekatwa kichwa. Ukiuorodhesha, unaweza kuanza na hariri.

Hitimisho la Harriot ni la haraka. Katika watu 108, wanne tu walikufa mwaka mzima, na wote, hasa watatu kati yao, walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Raleigh, kwa mtu atakayekwenda na mwili wake tu, ameshatoa ardhi isiyopungua ekari 500. Vifo vya Waingereza vina hesabu na ufafanuzi wa afya ya kila mmoja, ilhali vile 120 vya mji mmoja viliachwa kuwa fumbo. Anayesoma nambari hizo mbili pamoja ameipata siasa ya kitabu kizima.

Mwaka 1590 Theodor de Bry, mchongaji na mchapishaji, alikitoa tena huko Frankfurt kwa lugha nne, Kilatini, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, pamoja na picha alizozichonga kutokana na michoro ya rangi za maji ya John White. Picha hizo ndizo zilizokifanya kijulikane Ulaya nzima. Michoro ya White iko British Museum, na kuilinganisha na nakala ya de Bry ni somo la fani peke yake. White alichora watu juu ya karatasi tupu, wamesimama mahali pasipo na mahali. De Bry akawapa mandhari: maji, mitumbwi, wavuvi, miti. Akawanyoosha misuli na viungo mpaka wakafanana na sanamu za Kirumi. Katika mchoro wa mume na mke wanaokula, White aliweka chakula mbele yao tu. De Bry akajaza mkekani samaki, mahindi, kibuyu na kiko, na picha ya mlo ikawa fungu la pili la Harriot limemwagwa chini.

Mji wa Secotan ndio uliobadilishwa kwa namna inayofundisha zaidi. White aliuchora na mashamba matatu ya mahindi, moja limekomaa, moja bichi, moja linachipua. Kwa hila hiyo ya mchoraji wakati umeingia katika picha tuli, na anayetazama anaona kwamba watu hawa hupanda kwa zamu, wakijua njaa huja lini. De Bry aliyabakiza mahindi, akaongeza tumbaku, alizeti na maboga, kisha akatawanya herufi juu ya picha, na chini yake maelezo yanazifuata moja moja. Mji umegeuzwa kuwa orodha tena. Waingereza hawaonekani humo, wala katika picha za miji mingine. Alama yao iko kwingine, mkononi mwa mtoto. Katika mchoro wa mke wa mkuu wa mji wa Pomeiooc na bintiye wa miaka minane au kumi, msichana ameshika mwanasesere aliyevalishwa kama mwanamke wa Kiingereza. Uso wa msichana ni wa furaha, na mwanasesere huyo ni bidhaa ya kwanza inayoonekana ikielekea upande wa pili, kutoka London kwenda Virginia.

Mwishoni de Bry ameongeza picha tano za Wapikti na majirani zao, watu wa kale wa kisiwa cha Britania, wengi wao uchi na wamejichora mwili, kuonyesha kwamba wakazi wa Britania nao zamani walikuwa washenzi kama wale wa Virginia. Wengine huona hapo unyenyekevu, na kidogo upo. Nafasi ya picha hizo inanizuia kukubali zaidi. Zimewekwa baada ya watu wa Secotan, na hivyo mtu anayefungua kurasa anafundishwa kuwaona watu wa mwaka 1585 kama watu wa zamani. Jirani aliye hai amehamishiwa upande wa mababu. Harriot, katika aya zake za mahindi, hakuwa amewafanyia hivyo. Alikuwa amewaweka katika wakati uliopo, wakipanda.

Kwa hiyo namshauri anayetaka kukisoma kijitabu hiki aanze na fungu la tatu, kwenye dini na vifo na ile sentensi ya ukali kupita kiasi, kisha arudi kwenye vyakula, na zile bidhaa za kuuza azisome mwisho. Mafungu yanastahimili kupinduliwa bila kupoteza neno lolote la Harriot, na kwa mpangilio huo mahindi yanakuwa na wenyewe kabla hayajawa na kipimo cha busheli.